Kutoka Kirusi cha Kuku hadi Protini ya Seli: Src na Mabadiliko ya Dhana ya Saratani, 1911–2001

Historia ya utafiti wa saratani katika karne ya 20 husimuliwa mara nyingi kama msururu wa ugunduzi wa dawa. Masimulizi ya namna hiyo hufunika swali lililozitangulia dawa, yaani swali la asili: je, kinachoifanya seli igawanyike bila kikomo hutoka nje ya mwili, au kimo ndani ya seli yenyewe? Makala hii inachunguza kisa cha Src, mojawapo ya protini zinazopitisha ishara ndani ya seli. Hoja inayotetewa ni kwamba badiliko kuu la kidhana lilitokea pale swali hilo lilipojibiwa mwaka 1976, kabla kazi ya protini hiyo haijajulikana.

Mwaka 1911 Peyton Rous, wa Taasisi ya Rockefeller jijini New York, alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya sarkoma ya kuku. Aliusaga uvimbe, akauchuja umajimaji wake kwa kichujio kisichopitisha seli wala bakteria, kisha akawadunga kuku wazima. Baadhi yao wakaota uvimbe wa aina ileile. Kisababishi hicho baadaye kilitambuliwa kuwa kirusi. Hata hivyo, wataalamu wengi wa wakati huo hawakuona kwamba ugonjwa wa kuku ungeweza kueleza saratani ya binadamu. Rous alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87.

Kirusi cha Rous kilielekea kuthibitisha kwamba saratani huletwa kutoka nje. Dhana hiyo ilianza kutikisika mwaka 1970, G. Steven Martin alipoeleza kirusi kilichobadilika ambacho, katika joto la juu, kiliendelea kuzaliana lakini kikashindwa kuigeuza seli kuwa ya saratani. Ilidhihirika kwamba jeni inayoleta uvimbe, iliyoitwa src kutokana na neno sarkoma, haikuhitajika katika uzazi wa kirusi. Basi kwa nini kirusi kilikuwa nayo?

Jibu lilitolewa mwaka 1976 na Dominique Stehelin, Harold Varmus, J. Michael Bishop na Peter Vogt. Watafiti hao walitengeneza kipande cha DNA kinacholingana na src pekee, kikiwa na alama ya mionzi, wakakitumia kutafuta jeni kama hiyo katika ndege wasio na ugonjwa. Waliikuta kwa kuku, kware, bata mzinga, bata na hata emu, ambaye ukoo wake uko mbali na ule wa kuku. Jeni iliyodumu katika koo zilizotengana zamani hivyo haikuweza kuwa mabaki ya maambukizi ya karibuni. Kwa hiyo, kirusi hakikuileta jeni hiyo kwa kuku. Kilikuwa kimeichukua kutoka kwake.

Utendaji wa protini ulifuata baadaye. Mwaka 1977 Joan Brugge na Raymond Erikson waliitambua protini ya Src, na mwaka 1978 ikabainika kuwa ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine. Kinasi zilizojulikana wakati huo zilibandika fosfati kwenye asidi amino za serini na threonini. Mwaka 1979 Tony Hunter na wenzake, wakichunguza kirusi kingine, walikuta fosfati kwenye tairosini. Mwaka 1980 Hunter na Bartholomew Sefton walionesha kwamba Src nayo hufanya vivyo hivyo. Hunter ameeleza kwamba ugunduzi huo ulisaidiwa na myeyusho wa maabara uliotumiwa mara kwa mara hadi pH yake ikashuka kutoka 1.9 hadi 1.7, hali iliyowezesha tairosini yenye fosfati kujitenga na threonini yenye fosfati.

Src ya kawaida ina mkia wenye tairosini ambayo, ikibandikwa fosfati, huikunja protini na kuizima. Src ya kirusi haina sehemu hiyo ya mkia, hivyo huendelea kutuma ishara ya kukua hata isipohitajika. Mantiki hiyohiyo inajitokeza kwa binadamu katika saratani ya damu aina ya mieloidi sugu. Mwaka 1973 Janet Rowley alionesha kwamba kromosomu za 9 na 22 hubadilishana vipande katika ugonjwa huo. Baadaye ikajulikana kwamba muungano huo huzaa protini ya Bcr-Abl, kinasi ya tairosini isiyozimika. Imatinibu, dawa inayoizuia kinasi hiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001.

Kwa msingi huo, kuuchukua mwaka 2001 kama mwanzo wa enzi mpya ni kuyapa matokeo nafasi ya chanzo. Dawa hiyo huidhibiti ishara iliyopotoka, na mwaka huohuo watafiti walieleza mabadiliko ya kinasi yaliyoifanya isishike tena. Aidha, mwandishi wa Kiswahili anayeiita saratani adui mvamizi hurejesha dhana iliyotiliwa shaka tangu 1976. Historia ya Src inaonesha ugonjwa unaotumia njia zilezile za mawasiliano ambazo seli nzima huzihitaji ili kuishi, na ndiyo sababu tiba yake ni ngumu.