Mzigo wa Frasila Mbili

Chuma cha duara chenye kishikio juu yake, ambacho vijana wa mjini hukiita ketobeli, hakikubuniwa kwa ajili ya mazoezi. Kilikuwa jiwe la mizani. Huko Urusi wafanyabiashara wa nafaka walipima kwa kipimo kilichoitwa pudi, chenye uzito wa kilo 16 na ushei, na mawe yao waliyatia vishikio ili yabebeke. Kazi ikilegea sokoni, wanaume walishindana nani ataliinua jiwe juu ya kichwa mara nyingi zaidi. Mwaka 1885 daktari mmoja wa mji wa St. Petersburg, Vladislav Kraevsky, alianzisha klabu ya kunyanyua vitu vizito. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1985, Wasovieti walifanya mashindano ya taifa zima. Mpaka leo wanaoshindana hutumia kilo 16, 24 na 32, yaani pudi moja, moja na nusu, na mbili.

Msomaji wa umri wangu atakuwa amekwisha kupiga hesabu. Frasila ya pwani yetu ilikuwa ratili 35, karibu sawa na kilo 16. Warusi na Waswahili hawakupatana juu ya jambo hili, lakini jiwe la Mrusi na frasila ya Unguja vilikaribiana kiasi kwamba mkono usingeweza kuvitofautisha. Na frasila mbili, ratili 70, ndizo zilizohesabiwa kuwa mzigo wa mpagazi mzima katika njia ya misafara. Kilo 32 anazoinua bingwa wa leo kwa dakika kumi huku akishangiliwa, babu zetu walizibeba begani kwa miezi mitatu.

Kuhusu mikanda ya kuning'inia, historia yake ni fupi. Mwaka 1997 askari mmoja wa kikosi maalumu cha majini cha Marekani, Randy Hetrick, akiwa kazini mbali na kwao bila vifaa vya mazoezi, aliunganisha mkanda wa jiujitsu na utepe wa miavuli, akautundika na kuanza kujivuta kwa uzito wa mwili wake mwenyewe. Baadaye akafanya biashara. Mazoezi ya namna hii, ya chuma chenye kishikio na ya mikanda, husifiwa kwamba yanauandaa mwili kwa shughuli za kweli: kuinua, kubeba, kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa na kusimama. Hayajengi msuli mmoja mmoja kwa ajili ya kioo.

Hapa kwetu Nyantakara vijana hawana fedha za kununulia vifaa hivyo, na sioni kwamba wamepungukiwa. Wamejaza saruji katika makopo ya rangi na kuchomeka nondo iliyokunjwa iwe kishikio. Mikanda yao ni ile ya kufungia mizigo ya malori, ambayo haikosekani kwa watu wanaoishi karibu na barabara iendayo Rwanda na Burundi. Wameitundika kwenye mwembe. Nimewatazama mara nyingi, maana mwalimu hata akistaafu macho yake hayastaafu, na niliwaambia jambo moja tu: nguvu ya kulirusha kopo itoke nyonga na mapaja, mgongo ubaki umenyooka. Anayelivuta kwa kiuno atakuja kulala kitandani.

Lakini jambo linalonishughulisha zaidi ni ule mzigo wa frasila mbili, kwa kuwa historia tunayoifundisha huupita haraka. Katika vitabu vya shule mpagazi ni mtu aliyeinama, hana jina, yuko nyuma ya Mzungu au Mwarabu. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 hawakuwa hivyo. Wengi walikuwa watu wa ujira walioijua kazi yao. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume. Walipatana malipo na posho kabla ya kuondoka, na walikuwa na kauli juu ya mwendo wa siku na mahali pa kupumzika. Mwenye msafara akivunja mapatano waliitua mizigo njiani, wakakaa juu yake. Ndio mgomo huo, miongo mingi kabla ya vyama vya wafanyakazi. Mwenye pembe za ndovu angefanya nini katikati ya pori, na yeye mwenyewe hawezi kubeba hata pembe moja?

Kisha ukaja mwaka 1914. Uzito haukuzidi, katika Vita Kuu ya Kwanza mchukuzi alipewa ratili 50 au 60, pungufu ya zile za msafara. Kilichobadilika ni kwamba hakuweza tena kuutua. Waingereza peke yao waliandikisha wachukuzi karibu milioni moja katika Afrika ya Mashariki, wengi kwa nguvu, na hesabu zao wenyewe zinaonyesha vifo zaidi ya 90,000. Hawakuuawa hasa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na chakula kisichowafaa. Eneo letu lilipitiwa na Wabelgiji, ambao waliitwaa Biharamulo Juni 1916 wakitokea upande wa Rwanda, na jeshi hilo nalo lilitembea kwa vichwa na mabega ya watu. Wafu wale walibaki na ukumbusho mmoja ambao kila Mtanzania anautaja bila kuufikiri, nao ni Kariakoo, jina lililotokana na lile la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi waliokuwa na kambi pale Dar es Salaam.

Kwa hiyo nikisoma kwamba kubeba vitu vizito humwimarisha mtu, nakubali, ila naongeza swali ambalo walimu wa mazoezi hawaliulizi. Ni nani anayeamua lini mzigo utuliwe?

Swali hilo lilipita pia shuleni. Wajerumani, ambao boma lao lingaliko Biharamulo mjini, walikuwa taifa la mazoezi. Friedrich Ludwig Jahn alifungua kiwanja chake cha mazoezi nje ya Berlin mwaka 1811, na nia yake ilikuwa kuwaandaa vijana kupigana na Wafaransa. Mazoezi kama maandalizi ya vita yalitufikia kwa njia ya gwaride, na Waingereza wakaliendeleza. Baada ya uhuru tulikuwa na mchakamchaka wa alfajiri, nao nitausifu mpaka nife. Watoto walikimbia pamoja wakiimba, mwenye viatu na asiye na viatu, na hakuna aliyeshindwa kwa kuwa hapakuwa na mshindi. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilifanya vivyo hivyo kwa waliomaliza masomo, hadi utaratibu wa lazima uliposimamishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013.

Ila shule zetu zilikuwa na desturi nyingine, na katika baadhi ya shule bado ipo. Mtoto akichelewa, kichurachura. Akipiga kelele, pushapu ishirini. Akisahau daftari, abebe mawe kuzunguka kiwanja. Tazama orodha hiyo, msomaji mwema, na uilinganishe na ratiba ya ukumbi wa mazoezi wa Dar es Salaam. Ni mambo yale yale! Tulimfundisha mtoto kwa miaka saba kwamba kuchuchumaa na kubeba ni adhabu, kisha akifika miaka arobaini, daktari amekwisha kumwambia kwamba ana shinikizo la damu, tunashangaa mbona hapendi mazoezi. Nilibishana na walimu wenzangu juu ya jambo hili vyuoni na shuleni, na sikuwashinda wote.

Lipo pia kundi ambalo halikuingia katika gwaride wala misafara ya vitabuni. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, mbali na uzito wa ndoo yenyewe. Mwanamke wa hapa huchuchumaa, huipandisha hadi pajani, kisha kichwani, na hunyooka nayo bila kumwaga, huku mgongo wake umefuata sawasawa kile ninachowaambia vijana pale mwembeni. Mwaka 1986 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu wa Kenya. Waligundua kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Uchunguzi uliofuata ulieleza kwamba mwendo wao huhifadhi nguvu kama timazi ya saa inayobembea. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini ndoo ya lita 20 kwa mwanamke wa kilo 55 ni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, na hapo msamaha wa asilimia 20 umekwisha kupitwa mbali. Jirani zangu wa kike hulalamikia shingo, si mapaja.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa kadiri kwa wiki na siku mbili za kutia misuli nguvu, nasi wazee tuliopita miaka 65 tuongeze siku tatu za mazoezi ya kujisawazisha ili tusianguke. Mimi natumia kopo dogo kabisa, kilo nne, kwenye kivuli cha nyumba yangu. Mama mmoja wa jirani aliniona, akaniuliza kama napungukiwa na kazi, kwani ndoo zake mbili zilikuwa bado bombani. Niliibeba moja kwa mkono, nikipumzika mara tatu njiani. Yeye alitangulia na ya kwake kichwani, akafika, akaitua, akarudi kunipokea.