Nani Mwenyeji? Karamu, Maasi na Ujirani katika Mji wa Pangani

Kila ninapofundisha historia ya pwani ya kaskazini ya Tanzania, wanafunzi wangu huipa miji midogo kama Pangani sifa mbili. Ya kwanza ni kwamba watu wake ni wakarimu na hushirikiana katika shida na raha. Ya pili ni kwamba mji umelala. Sifa hizo hutolewa kana kwamba ni tabia za kuzaliwa nazo, zisizo na mwanzo wala sababu. Mimi nashikilia kwamba ushirikiano wa Pangani una historia, tena historia ya siasa, na kwamba mtumishi wa umma asiyeijua atakosea hesabu anapoupangia mji huo maendeleo.

Pangani umekaa kwenye ukingo wa kaskazini wa mto Pangani, pale mto unapoingia baharini. Ng'ambo yake ni Bweni. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilianzia hapo kuelekea Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Juu kidogo ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mjini waliishi liwali wa Sultani wa Zanzibar, majumbe wa koo za Kishirazi, wafanyabiashara wa Kihindi, Waarabu wenye mashamba, wapagazi kutoka bara, na watumwa waliokuwa wakitafuta njia ya kuhesabiwa kuwa watu kamili. Katika mchanganyiko huo swali moja lilikuwa zito kuliko yote: nani ni mwenyeji?

Hapakuwa na daftari la kulijibu swali hilo. Jibu lilitafutwa katika karamu, ngoma, harusi na matanga. Aliyetaka ujumbe alipaswa kuulisha mji. Tajiri aliyefunga mlango wake alipungukiwa heshima, hata kama ghala lake lilijaa. Mgeni na mtumwa nao walijiingiza katika ngoma na sikukuu ili waonekane kuwa ni wa hapo, na mara nyingi waungwana waliwazuia. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu sherehe na maasi ya pwani hii, ameonyesha kwamba sherehe hizo zilikuwa uwanja wa mashindano makali. Basi tusiipambe picha hii kupita kiasi. Sinia lile lile lililompa mmoja nafasi lilimkumbusha mwingine unyonge wake. Hata hivyo, mnyonge alikuwa na pa kudai.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka 1888. Kwa mkataba wa mwezi Aprili, Sultani aliikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti wakala wake wa Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe, na liwali akakataa. Askari wa manowari Carola wakateremshwa katika siku za Iddi ya Kuchinja, mlingoti wa bendera ya Sultani ukaangushwa, na heshima ya msikiti ikavunjwa. Siku ambayo mji wote hukutana, hula pamoja na kutambuana ndiyo iliyochaguliwa kuwaonyesha watu kwamba hawana kauli.

Wiki chache baadaye mji ulifurika watu, wa mjini na wa mashambani, na Zelewski akazuiliwa ndani ya nyumba. Vitabu vingi vya shule huyaita matukio haya vita vya Abushiri. Abushiri bin Salim alikuja kuwa kiongozi shupavu, akanyongwa hapo hapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Lakini umati ulikuwa umekwisha kusimama kabla yeye hajashika hatamu. Uliwezaje kusimama upesi hivyo? Kwa maoni yangu, watu waliozoea kuitana kwa ngoma na kwa msiba hawahitaji kufundishwa namna ya kuitana kwa jambo la hatari.

Baada ya kushindwa kwa silaha, Pangani ulishindwa kwa reli. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia Tanga mwaka 1893, na biashara ya bara ikahamia huko. Mwaka huo huo mkonge uliingizwa nchini na Richard Hindorf, ukapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Wanaousema mji huu kuwa umelala wakumbuke kwamba ulipitwa kwa uamuzi wa watu waliokuwa mbali nao.

Leo kuna mradi wa barabara ya pwani kutoka Tanga hadi Bagamoyo, pamoja na daraja la mto Pangani. Siupingi. Anayejua adha ya kumvusha mgonjwa kwa kivuko hawezi kuupinga. Lakini barabara huja na wanunuzi wa ardhi, na swali la nani ni mwenyeji hurudi likiwa limevaa suti. Hati itasema jambo moja. Majirani, wanaojua nani alichimba kaburi la nani, nani alileta unga matangani na nani alilima shamba lipi kwa miaka 30, watasema jingine.

Ninawasihi maofisa wanaoitisha mikutano ya wananchi wasihesabu waliohudhuria tu. Waulize ni nani hakuitwa: mvuvi aliye baharini, mjane, mpangaji, kibarua wa mkonge. Na ninyi wanaharakati, msiwapelekee watu wa Pangani umoja kana kwamba ni bidhaa mpya. Wanao wa kwao, na una nyufa zake za zamani. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba safari hii wale waliokuwa wakizuiwa mlangoni wanapata mahali pa kukaa kabla maamuzi hayajapita.