Kana ndogo katika hiragana

Kana ndogo ni herufi za hati ya Kijapani iitwayo hiragana zenye umbo lile lile la herufi za kawaida, ila huandikwa kwa udogo, na udogo huo ndio ubadilio matamshi. Zilizo mashuhuri ni nne: ゃ (ya), ゅ (yu), ょ (yo) na っ (tsu).

Tatu za kwanza hufuata herufi yenye irabu i, zikaimeza irabu ile na kuzaa silabi moja: き (ki) na ゃ huwa kya, に (ni) na ょ huwa nyo. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea nyumba, chakula na shamba tangu utotoni, hana taabu ya kuzitamka. Taabu yake ni ya jicho na mkono. Mtu wa Manguredjipa, huko magharibi ya Butembo nchini Kongo, ataandika jina la mji wake まんぐれじぱ pasi na kana ndogo hata moja, kwa kuwa ile dj ya imla ya Kifaransa ni じ tupu. Lakini akishuka mpaka Kyavinyonge, ufukoni mwa Ziwa Edward, hana budi kuandika mbili: きゃびにょんげ. (Majina ya kigeni aghalabu huandikwa kwa katakana, hati dada ya hiragana, ambayo kaida zake katika jambo hili ni hizi hizi.) Akiziacha kubwa, Mjapani atasoma kiya na niyo, na katika Kijapani chenyewe びょういん ni hospitali, ilhali びよういん ni saluni ya urembo, na mgonjwa atafika mahali pasipo pake.

Ugumu hasa umo katika っ, ambayo haitamkwi tsu kamwe, bali huamuru konsonanti ifuatayo ikazwe na kushikwa kwa muda wa pigo zima. Ndiyo maana きて (kite) ni njoo, na きって (kitte) ni stempu. Aliyepitia chuo cha Kurani ataikumbuka shada, alama ya Kiarabu ya kukaza herufi, ijapokuwa shada hupanda juu ya herufi, nayo っ hutangulia na kushika nafasi yake pekee mstarini. Katika daftari la miraba hupewa mraba wake, ikakaa pembe ya chini kushoto maandishi yakienda mlalo, na pembe ya juu kulia yakishuka wima. Kwenye kompyuta hutosha kupiga mara mbili konsonanti ifuatayo, kama t mbili za kitte.

Desturi ya kuziandika kana hizi kwa udogo si kongwe. Zamani herufi hizi ziliandikwa kwa ukubwa wa kawaida, msomaji akajitambulia mwenyewe. Kanuni za imla za mwaka 1946 zilihimiza udogo bila kuulazimisha, na sheria za dola ziliendelea kutungwa kwa herufi kubwa hadi 1988. Katiba ya Japani, iliyotangazwa tarehe 3 Novemba 1946, ingali na つ kubwa mahali pa ndogo, basi mwanafunzi aifunguaye asidhani kwamba mpiga chapa alisinzia.