Nani alilipia programu tunazotumia bure? Historia fupi kwa wenye kufungua biro ndogo Uvira

Kila mwaka, kisha kutetea kazi ya lisansi, wadogo watatu ao wane wanatuandikia: "Wakubwa, tunataka kufungua biro ya kupima mashamba na mifereji. Tununue mashini gani?" Mimi ni wa agro, lakini katika biro yetu hapa Uvira tuko agronome wawili na enjinia mmoja wa ujenzi, na hilo swali lilitugharimu msimu mzima wa mpunga. Tena mpunga wa watu, si wetu. Kwa hiyo nitajibu kwa kupitia historia kwanza.

Tuanze na plaine yetu. INEAC, ile taasisi ya kilimo ya Wabelgiji iliyoundwa 1933, ilipeleka watu wake Ruzizi, na mwaka 1952 ikatoa kitabu cha R. Germain juu ya mimea ya plaine ya Ruzizi na mazingira yake. Sisi wa agro tunakijua hicho kitabu, angalau kwa jina. Lakini fikiri kidogo: nyuma ya mtu kama huyo kulikuwa serikali nzima, na magari yake, maabara yake na wapimaji wake. Kujua udongo na urefu wa nchi ilikuwa kazi ya wenye kutawala. Kijana wa Sange ao Luberizi angepata wapi vyombo vya kupima plaine yake mwenyewe?

Njia ilifunguka kutoka mbali, na haikufunguliwa juu yetu. Tarehe 11 Februari 2000 Wamarekani walirusha chombo Endeavour. Kwa siku 11 kikazunguka na kupima kwa rada urefu wa nchi karibu asilimia 80 ya dunia kavu, na plaine ya Ruzizi ndani. Wakati ule Uvira iko mikononi mwa RCD, mimi nabebwa mgongoni, watu wanakimbilia Burundi ao milimani. Hakuna aliyetazama juu. Mei ya mwaka uleule, Marekani ikaondoa kosa ambalo ilikuwa inaweka kwa kusudi ndani ya GPS ya raia, kosa lililoweza kufika mita 100. Bila hiyo, simu yako isingekuonyesha hata kama uko ngʼambo gani ya mto Kalimabenge.

Vile vipimo vya rada, sisi tulipewa kwanza kwa ukali wa mita 90 tu. Vile vya mita 30 vilitangazwa kuwa bure Septemba 2014, na bara la Afrika ndilo lililotangulia kufunguliwa.

Na programu? GRASS ilianza miaka ya 1980 kwa maenjinia wa jeshi la Marekani. HEC-RAS, ya kuhesabu mafuriko ya mito, ilitoka kwao 1995. EPANET, ya mabomba ya maji, ilitoka 1993 kwa shirika lao la kulinda mazingira. Hizi ni bure kwa sababu kazi ya mtumishi wa serikali kule haifungwi na haki ya mwandishi: mlipa kodi wao amekwisha kulipa. QGIS iko na hadithi nyingine. Gary Sherman, mtu wa Alaska, aliianza 2002 juu alitaka kuona ramani kwenye kompyuta yake ya Linux. Ni hiyo tu. Leo biro nyingi za dunia zinaishi nayo.

Karibu yetu, Kibera walichora mtaa wao wenyewe 2009. Dar es Salaam, kuanzia 2015, kazi iliyoitwa Ramani Huria iliweka wanafunzi wa vyuo mitaani pamoja na wakaaji, wakaandika mifereji na nyumba zinazofikwa na mafuriko. Mimi niliisoma habari hiyo kisha Aprili 2020, kisha ule usiku Mulongwe ulipotoka njia yake na kubeba nyumba na watu. Nilikaa kimya muda mrefu.

Sasa makosa yetu. La kwanza ni programu ya bei kali tuliyopata kwenye fulashi, imevunjwa funguo. Ilitumika vizuri mpaka shirika moja, kabla ya kusaini kontra, likaomba namba ya lisensi yetu. Kontra ikaenda kwa wengine. Haya, tukahamia QGIS.

La pili ndilo linaniuma. Koperative moja ya plaine ilitupa kazi ya kuchora mfereji wa kilomita 1 na kidogo. Tulikuwa na mashini mpya tumeinunua kwa deni, inang'aa, na vile vipimo vya mita 30. Kwenye skrini maji yalishuka vizuri sana. Wazee wakachimba. Maji yakafika katikati, yakasimama. Familia 19 zikakosa msimu.

Ni baba mmoja fundi wa kujenga aliyetuonyesha, na mpira wake wa maji wa mita 20: nchi ilipanda pale katikati. Nikarudi kusoma kile nilichopaswa kusoma kwanza. Ile rada inatoa urefu kwa mita nzima nzima, kosa lake linaweza kukaribia mita 16, na penye miembe inapima miembe! Mfereji wa plaine unashuka mita 1 ao chini yake kwa kilomita nzima. Ni kama kupima chumvi ya mboga na bascule ya gunia. Ile data inafaa kujua bonde zima linaleta maji wapi, basi.

Tuliuza ile mashini mpya, tukalipa wachimbaji warudie. Tangu pale tunafanya hivi: mashini ya okazyo, RAM ya GB 8 na disiki ya SSD, inatosha QGIS na HEC-RAS kwa kazi zetu. Paneli ndogo na betri, juu umeme unajua kutoroka saa ya kutoa raporo. Simu inatosha kupata eneo la shamba la hektari, lakini usiipeleke kwenye ugomvi wa mpaka. Drone tutaiona baadaye. Franga kubwa ya kwanza iende kwa nivo ya miguu mitatu na mira yake, na kwa siku za kutembea nayo jua kali.

Yetu tuliipata ya okazyo. Jumamosi mara nyingi haina kazi. Mdogo mwenye mfereji wa kupima aje aiombe, ila aje na mtu wa kushika mira, na wapime mara mbili, kwenda na kurudi, kabla ya kuruhusu jembe la kwanza.