Mmea Uliovuka Bahari

Asili ya bangi ni Asia. Watafiti wengi wanaona kwamba ilifika Afrika Mashariki kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Mabaki yake yamekutwa ndani ya viko vya karne ya 14 katika pango la Lalibela, Ethiopia, kabla tumbaku haijaingia barani.

Kwingineko nyuzi za mmea huu zilisokotwa kamba za meli na kufumwa matanga. Pwani ya Wabajuni, mpakani mwa Kenya na Somalia, haikuzihitaji. Mafundi wa huku walishona mtepe, chombo kisicho na msumari wa chuma, kwa kamba za makumbi ya nazi, wakaupandishia tanga la mkeka. Ufundi huo unastahili heshima kubwa kuliko unayopewa.

Mwaka 1925 mkataba wa Geneva uliiweka bangi chini ya udhibiti wa kimataifa. Mkataba wa 1961 ulikaza marufuku zaidi. Tarehe 2 Desemba 2020, tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa zinazobanwa kuliko zote, kwa kura 27 dhidi ya 25, lakini bado inadhibitiwa.

Kanabidioli, dawa itokanayo na mmea huu, hupunguza degedege katika aina fulani za kifafa kikali cha watoto. Hutolewa kwa kipimo cha daktari. Kuivuta bangi ni jambo jingine: hudhoofisha kumbukumbu, na baadhi ya vijana huvurugikiwa na akili.

Mzazi unayesoma hapa, zungumza na kijana wako mapema.