Uvimbe wa Ubongo: Dalili, Vipimo, Matibabu na Ibada ya Mgonjwa



Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaopata maradhi haya mara nyingi huvuka kwa boti hadi Dar es Salaam, wakalala kwa jamaa Temeke, Mbagala au Kinondoni, na alfajiri wakadamkia Muhimbili. Safari hiyo si tatizo. Tatizo ni miezi inayopotea kabla yake.

Dalili za kuangaliwa ni kichwa kinachouma zaidi wakati wa kuamka na kuzidi wiki hadi wiki, kutapika bila sababu ya tumbo, upande mmoja wa mwili kulegea, tabia kubadilika, au kifafa kumwanza mtu mzima ambaye hakuwahi kuanguka. Ipo na nyingine ambayo majumbani kwetu husingiziwa jini: mwanamke hakuzaa, lakini maziwa yanamtoka, hedhi imekatika, na macho yanaanza kupoteza kuona pembeni. Huenda hiyo ikawa ni uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo. Aina yake moja hutibiwa kwa vidonge tu, bila kisu, lakini ukichelewa macho yanaweza yasirudi.

Kisomo hakikatazwi. Msomee mgonjwa wako Fatiha na Muawwidhatayni mkiwa kwenye foleni ya kipimo. Kosa ni kumzuia asipimwe, hali Mtume (rehma na amani zimfikie) alipoulizwa na mabedui kuhusu kujitibu aliwaamrisha wajitibu, kama alivyopokea Usama bin Sharik.

Kipimo chenyewe kina historia fupi. Eksirei ya kawaida huonesha mfupa wa fuvu, ubongo ndani hauonekani. Zamani madaktari waliingiza hewa ndani ya kichwa cha mgonjwa ili wapate kukisia uvimbe ulipo, na maumivu yake yalikuwa makali. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza (ndiyo ile ya sahani za muziki!), alitengeneza mashine inayopitisha eksirei kutoka pande nyingi na kukokotoa picha ya ubongo kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, alipigwa picha mgonjwa wa kwanza, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo, na uvimbe ukaonekana. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyetangulia kuifanyia kazi hesabu yake. Hiyo ndiyo CT-Scan.

Picha peke yake haitoi hukumu. Kinyama huchukuliwa, kikapimwa maabara. Meninjioma, kwa mfano, mara nyingi si saratani, na ikitolewa yote mtu huweza kupona kabisa. Glioblastoma ni kinyume chake. Utafiti wa Roger Stupp na wenzake uliotolewa mwaka 2005, kwa wagonjwa 573, ulionesha kuwa kuongeza vidonge vya temozolomaidi kwenye mionzi kulisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 12.1 hadi 14.6, na waliofika miaka miwili waliongezeka kutoka asilimia 10.4 hadi 26.5. Familia ielezwe ukweli huu. Kwa madhehebu ya Shafi kujitibu ni sunna, si faradhi, hivyo mgonjwa aliyeelewa akachagua kurudi kwake hana dhambi.

Upasuaji hufanyika MOI, Muhimbili. Hapa kwetu pia kuna kituo cha upasuaji wa ubongo Mnazi Mmoja, kilichofunguliwa mwaka 2014 kwa msaada wa taasisi ya NED ya Hispania, basi anzeni kuuliza hapo kabla ya kukata tiketi. Mionzi hutolewa Ocean Road, na kwa glioblastoma kwa kawaida ni vikao 30 kwa wiki sita.

Anayenuia kukaa wiki zote hizo kwa jamaa yake hapunguzi sala, kwani amekwisha kuwa mkaazi. Kuhusu kuchanganya sala kwa maradhi, qauli mashuhuri ya Mashafi inakataza, lakini Imamu Nawawi ameiona ile ya kuruhusu kuwa na nguvu, na mgonjwa anayetapika aichukue. Asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa alale ubavu. Na mwenye bendeji kichwani asihangaike na udhu: kupaka maji sehemu ndogo ya kichwa iliyo wazi kunamtosheleza.