Johann Cornies, Mkulima wa Nchi Isiyo na Miti

Sisi tukaao Ilagala, karibu na mahali ambapo mto Malagarasi humwagika katika Ziwa Tanganyika, tumezoea kuona miti. Michikichi hutupa mawese, miembe hutupa kivuli, na kuni twazipata, ingawa akina mama wajua urefu wa njia ya kuzifuata. Kwa hiyo ni vigumu kwetu kuifikiri nchi isiyo na miti, ambako watu hukausha samadi ya ng'ombe wapate kuiwasha wakati wa baridi. Katika nchi ya namna hiyo aliishi na kufa mkulima mmoja, jina lake Johann Cornies. Nataka kuwasimulia habari zake, kwa maana maisha yake yatuletea swali ambalo kila kijiji chalijua: je, yafaa kumlazimisha jirani kutenda jambo lililo jema kwake?

Cornies alikuwa wa watu waitwao Wamennonite. Jina hilo latokana na Menno Simons, padre wa Uholanzi aliyeacha upadre mwaka 1536. Watu wa njia ile walibatiza wale tu waliokiri imani kwa vinywa vyao wenyewe. Walikataa kuapa, tena walikataa kushika silaha. Kwa ajili hiyo waliteswa sana, na wengi wao wakakimbilia nchi ya mabondeni karibu na mji wa Danzig. Huko wakajulikana kwa ustadi wao wa kukausha mabwawa na kuyafanya mashamba. Hata baadaye Malkia Catherine wa Pili wa Urusi akawaita wageni waje kulima nyika za kusini katika milki yake, akiwaahidi ardhi na uhuru wa dini. Wamennonite wa kwanza walifika mwaka 1789, na wengine wakafuata mwaka 1804, wakajenga vijiji vyao kando ya mto Molochna. Mahali hapo pamo leo katika nchi ya Ukraine.

Johann alizaliwa mwaka 1789 karibu na Danzig. Wazazi wake walihamia Urusi naye akiwa kijana, na mwaka 1806 wakakaa katika kijiji cha Ohrloff. Hakuanza na mali. Mwaka mmoja alikuwa kibarua kwa msaga nafaka. Kisha kwa miaka mitatu alichukua mazao ya wanakijiji kwa gari la farasi, akayauza katika miji ya Krimu. Mwaka 1811 alimwoa Agnes Klassen, na mwaka uliofuata akanunua shamba lake mwenyewe pale Ohrloff.

Kila jamaa ya wahamiaji ilipewa ardhi yapata ekari 175. Twaweza kusema, Kumbe walikuwa matajiri! Lakini ardhi peke yake si chakula. Upepo ulivuma bila kizuizi, mvua ilikuwa haba, na baridi ya huko huua mifugo mazizini. Cornies aliona ya kuwa majani ya nyika yafaa kwa kondoo, akakodi ardhi kubwa ya serikali penye kijito cha Juschanlee, akafuga kondoo wa merino wenye sufu nzuri. Alisafiri hata Saxony katika Ujerumani kutafuta mbegu bora. Akafuga na farasi na ng'ombe, akapanda miche ya miti, akawa tajiri kuliko jirani zake wote. Mwaka 1825 Kaisari Alexander wa Kwanza mwenyewe aliingia nyumbani kwake.

Habari moja yafaa kukumbukwa. Jirani za Wamennonite walikuwa Wanogai, Waislamu wafugaji, nao walikuwa maskini. Cornies aliwapa kondoo wake wa merino wawachunge, na baada ya miaka waliyopatana wakagawana mazao yao. Hivyo mchungaji asiye na kitu aliweza kupata kundi lake mwenyewe. Pia aliwasaidia kujenga kijiji cha mfano kilichoitwa Akkerman, chenye nyumba imara na bustani.

Yapata mwaka 1830 serikali iliunda chama cha kuendeleza kilimo katika vijiji vile, ikamfanya Cornies kuwa mwenyekiti wake kwa maisha. Hapo ndipo amri zilipoanza. Kila mwenye shamba alipaswa kupanda miti ya matunda, na miti ya mbao na kuni, na miforosadi ya kulisha viwavi vya hariri. Mwaka 1833 ukame mkali uliishika nchi yote ya kusini, na njaa ikawa kubwa. Baadaye Cornies akaamuru kila mkulima agawe shamba lake mafungu manne, na fungu moja lilimwe bila kupandwa kitu mwaka ule, ili udongo uhifadhi unyevu wake. Mafungu hayo yalipokezana mwaka kwa mwaka. Kwa njia hiyo ngano ilipatikana hata katika miaka ya mvua chache.

Lakini asiyetii aliadhibiwa kwa kazi ya kulazimishwa, na mvivu aliyeonywa mara nyingi aliweza kunyang'anywa shamba akapewa mwingine. Cornies hakuwa mzee wa kanisa wala mhubiri. Nguvu zake alizipata kwa serikali, na wengi hawakupendezwa. Walisema, Babu zetu walihama nchi kwa nchi ili wasitawaliwe kwa fimbo. Mbona sasa ndugu yetu mwenyewe ameishika? Ugomvi ukazidi, hata mwaka 1842 Jakob Warkentin, mzee wa kanisa kubwa kuliko yote pale Molochna, akaondolewa katika kazi yake kwa amri ya serikali, kwa sababu alishindana na Cornies. Jambo hilo liliwaumiza watu sana. Mwaka uliofuata shule nazo zikawekwa chini ya chama chake. Akaleta nyumba bora za kufundishia na kanuni za walimu, na hata hapo alitumia amri.

Agnes alifariki mwaka 1847. Cornies mwenyewe alifariki Ohrloff tarehe 13 Machi 1848, kwa kalenda ya Kirusi ya zamani zile, naye alikuwa na umri wa miaka 58. Kazi yake ikashikwa na mkwewe, Philipp Wiebe. Miti ilikuwa imekwisha kuota kwa mamia ya maelfu mahali palipokuwa nyika tupu.

Basi, ni nini kilichobaki? Wanogai walihama kwa wingi mwaka 1860 kwenda Uturuki. Vita na mapinduzi vilivipiga vijiji vya Molochna, hata mwaka 1920 Wamennonite wa Marekani wakaunda kamati ya kuwapelekea ndugu zao chakula. Mmoja wa watu wa kwanza waliotumwa na kamati hiyo alikuwa Orie Miller. Mtu huyu huyu ndiye aliyefuatana na Elam Stauffer kuja Tanganyika mwaka 1934, na kazi yao ikaanzishwa Shirati, kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1943, katika vita kuu ya pili, Wamennonite waliosalia Molochna waliondoka, wakaacha mashamba na bustani walizozirithi.

Mimi sithubutu kumhukumu Cornies kwa neno moja. Mtu aliyekula ngano baada ya ukame alikuwa na sababu ya kumshukuru, na mtu aliyeondolewa shambani mwake alikuwa na sababu ya kulia. Hata hivyo naona tofauti kati ya kazi zake mbili. Kwa Wanogai alianza kwa kutoa kondoo wake mwenyewe na kupatana nao. Kwa ndugu zake alianza kwa amri. Kazi zote mbili zilizaa matunda, lakini ile ya pili ilizaa na uchungu kanisani. Tukitaka miti izidi hapa kwetu, kando ya Malagarasi, na tuanze kama alivyoanza kwa Wanogai: mwenye miche amgawie jirani yake, nao wapatane jinsi ya kuitunza.